Haki Ng'ambo ya Maji: Mahakama ya Kale ya Mombasa na Watu wa Kisauni

Mwisho wa Barabara ya Nkrumah, mkabala na Ngome ya Yesu, limesimama jengo la serikali lililojengwa mwaka 1902. Leo limo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na wageni wanaotoka ngomeni huingia humo kutazama maonyesho ya sanaa kabla ya kujipenyeza kwenye vichochoro vya Mji wa Kale. Walioingia zamani hawakufuata picha. Walikwenda kudai deni, kugombea shamba, kujibu shtaka la wizi, kumdhamini ndugu, au kungoja tangu asubuhi jina liitwe, lisiitwe, kisha waambiwe warudi mwezi ujao. Hii ndiyo Mahakama ya Kale ya Mombasa.

Historia yake imezoeleka kusimuliwa kwa upande wa kisiwani: magavana na majaji, reli na bandari. Lakini mahakama si ya mji ilimojengwa pekee. Ni ya kila anayelazimika kuifuata. Mtu wa Kisauni, awe anatoka Kongowea, Mlaleo, Mtopanga au Utange, ilimbidi avuke maji ndipo aifikie. Ukiyatazama mambo kutoka ng'ambo hiyo, utaona jambo ambalo kisiwani halionekani upesi: katika taasisi zote za sheria za serikali, iliyotangulia kuvuka kwenda Kisauni ni gereza. Mahakama ilifuata baada ya zaidi ya nusu karne.

Waamuzi wa kabla ya jengo

Haki haikuanza Mombasa siku lilipowekwa jiwe la msingi. Taifa Thenashara, yaani Tisa Taifa na Thalatha Taifa, walikuwa na wazee na matamim wao waliosuluhisha ugomvi wa watu wao. Kadhi alihukumu kwa sharia, katika madhehebu ya Shafi, mambo ya ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Tangu mwaka 1837, Seyyid Said alipouvunja utawala wa Wamazrui, liwali ndiye aliyekuwa mkono wa Sultani mjini. Huko bara, Mijikenda walikuwa na wazee wa kambi kwenye makaya yao, na kiapo cha wazee hao kiliogopwa kuliko pingu.

Kisauni ilikuwa kwenye makutano ya haya yote. Palikuwa na mashamba ya watu wa kisiwani, palikuwa na watumwa walioyalima, na nyuma yao palikuwa na vijiji vya Mijikenda. Kisha, mwaka 1875, ukaongezeka mji wa aina nyingine kabisa. Mchungaji William Salter Price wa Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, CMS, alinunua ardhi ng'ambo ya kisiwa na kuanzisha makazi ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Makazi yakapewa jina la Sir Bartle Frere, yule mjumbe aliyekwenda Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa. Ndiyo Frere Town ya leo, na kengele yake ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni.

Hapo ndipo Kisauni ilipoonja amri ya wamisheni wa Kizungu, miaka 20 kabla ya serikali ya Uingereza kuichukua nchi. Misheni iliendesha shule na kanisa, lakini pia iliamua kesi na kutoa adhabu, na ilikuwa na mahabusu yake. Mapema katika miaka ya 1880 habari za viboko na vifungo vilivyotolewa chini ya msimamizi wake, J. R. Streeter, zilifika hadi kwa maofisa wa jeshi la majini la Uingereza, uchunguzi ukafanywa, na Streeter akaondoka. Watu waliokombolewa utumwani walijifunza mapema kwamba aliyekufungua mnyororo anaweza pia kukupandisha kizimbani bila kuulizwa na mtu. James Juma Mbotela, mwana wa jamii hiyo ya Frere Town, aliyaandika maisha ya watu wake katika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934.

Jambo zito zaidi lilikuwa la watoro. Watumwa waliokimbia mabwana wao walijificha Rabai na Frere Town, na wenye watumwa wakatishia kuzivamia misheni. George Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya Waingereza, alilimaliza kwa fedha: aliwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 wakapewa hati zao za uhuru. Hakuna hakimu aliyeketi kuamua siku hiyo. Lakini fundisho lilibaki Pwani kwa muda mrefu: uhuru wa mtu ulitambuliwa kwa karatasi, na asiyekuwa na karatasi alijua pa kukaa.

Sheria tatu juu ya kichwa kimoja

Mwaka 1895 Uingereza iliichukua nchi kutoka mikononi mwa Kampuni. Tarehe 1 Julai ulitangazwa ulinzi wa Uingereza, na Desemba ukafuata mkataba na Sultani Hamed bin Thuwaini kuhusu ule ukanda wa maili kumi wa Pwani. Kwa mkataba huo bendera ya Sultani ilibaki ikipepea, naye alipwe kodi kila mwaka. Waislamu wa Pwani waliahidiwa kwamba dini yao, sharia yao na makadhi wao wataheshimiwa.

Miaka miwili baadaye ikaja sheria ya mahakama. Amri ya Kifalme ya mwaka 1897 iliunda mahakama ya Malkia kwa Afrika Mashariki, makao yake Mombasa. Kando yake ziliwekwa mahakama za wenyeji, nyingine zikiongozwa na maofisa wa Kizungu, nyingine na liwali, kadhi na mudiri. Sheria ya Kiingereza ilipokewa kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na tarehe hiyo ingali imeandikwa katika Sheria ya Mahakama ya Kenya mpaka leo. Pamoja nayo zililetwa sheria za India: Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1860, sheria ya ushahidi, na taratibu za kesi. Kanuni ya Adhabu ya India ilitumika hadi mwaka 1930. Sheria ya Ushahidi ya India iliendelea hadi mwaka wa uhuru.

Basi mkulima wa Kisauni aliishi chini ya sheria tatu kwa wakati mmoja. Akifa, kadhi ndiye aliyegawa urithi wake kwa Kur'ani na Sunna. Akishtakiwa kuiba nazi, alihukumiwa kwa kanuni iliyotungwa India na kina Macaulay. Akiandikiana mkataba na mfanyabiashara wa mjini, kesi ikienda mbali ilikuta hukumu za London. Na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa aliweza kuhukumiwa na baraza la Wazungu wenzake, ambalo uamuzi wake ulikuwa na nguvu, lakini Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza ambao maoni yao jaji hakulazimika kuyafuata.

Jengo la 1902

Mwaka ambao Mahakama ya Kale ilijengwa haukuja kwa bahati. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imefika Ziwa Viktoria mwishoni mwa 1901. Maelfu ya vibarua na mafundi walikuwa wameletwa kutoka India, na nyuma yao wafanyabiashara, makarani na mawakili. Palipo na bandari pana mizigo iliyopotea. Palipo na mizigo pana madeni. Palipo na madeni pana kesi. Mwaka huohuo wa 1902 Amri nyingine ya Kifalme ilipanga upya mfumo mzima: pakawa na Mahakama Kuu ya Afrika Mashariki na mahakama za chini yake, na Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki ya kupokea rufaa za nchi kadhaa zilizotawaliwa na Uingereza. Mombasa ilikuwa bado mji mkuu, nayo ilihitaji jengo la kuonyesha hivyo.

Heshima hiyo haikudumu. Mwaka 1905 makao ya serikali yalihamia Nairobi, na Mahakama Kuu ikahama nayo, jengo likiwa bado jipya. Mombasa ikabaki na kesi zake na majaji waliokuja kusikiliza. Lakini kwa Pwani, jengo lilibaki kuwa mahali mambo yalipomalizikia. Mawakili wa Kihindi walifungua ofisi mitaa ya jirani, na waandishi wa barua na maombi wakapata riziki kwa watu wasiojua Kiingereza. Kiingereza ndicho kilichoandikwa kwenye jalada. Kiswahili kilipita kwenye ulimi wa mkalimani. Wangapi walihukumiwa kwa maneno ambayo hawakuyasema hivyo, jalada halisemi.

Mahali lilipojengwa palikuwa na maana yake pia. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, ilikuwa imegeuzwa gereza la serikali tangu 1895. Kati ya kizimba na seli palikuwa na upana wa barabara tu. Mshtakiwa aliyeinua macho alijua anakokwenda.

Na kufika hapo kwenyewe kulikuwa shughuli. Hadi mwaka 1931 mtu wa Kisauni alivuka kwa chombo. Mwaka huo likaja daraja la kuelea la Nyali, lililoendeshwa na kampuni binafsi iliyotoza ushuru. Daraja la zege tunalolijua leo lilifunguliwa mwaka 1980. Kwa hiyo kwa kizazi kizima, kabla shahidi hajafungua kinywa kuapa alikuwa ameshalipa nauli ya kuvuka, kwenda na kurudi, na pengine zaidi ya mara moja kwa kesi moja.

Shamba la nani?

Kama kuna kesi moja ambayo Kisauni imeibeba mahakamani kwa zaidi ya miaka mia, ni ya ardhi. Mwaka 1907 serikali ilifuta utumwa kisheria Pwani, miaka 10 baada ya Zanzibar. Mahakama hazikuruhusiwa tena kuutambua, na wenye watumwa wakapewa nafasi ya kudai fidia. Mtumwa hakupewa shamba alilolilima.

Mwaka uliofuata, 1908, ikatungwa Sheria ya Hati za Ardhi. Kila mwenye kudai ardhi kuwa ni milki yake katika ukanda wa Pwani alitakiwa alete dai lake kwa Msajili wa Hati, lisikilizwe, apewe cheti. Ardhi isiyodaiwa na mtu ikawa ya Serikali ya Kifalme. Kwa karatasi ilionekana haki tupu. Lakini nani alikuwa na hati za kumwonyesha msajili? Familia zilizojua kuandika kwa kadhi, wenye jamaa mjini, wafanyabiashara waliokwisha kununua na kuuza. Wengi wa waliokuwa watumwa, na Mijikenda waliolima kwa kuhamahama bila kuwekeana mipaka ya hati, hawakufika mbele ya msajili. Siku hizo za madai zilipopita, mlango ulifungwa.

Matokeo yake yanaonekana Kisauni hadi leo katika utaratibu ambao mtu wa nje huona ajabu: nyumba bila ardhi. Mtu hujenga nyumba yake, huilea, huirithisha, lakini kiwanja kilicho chini yake ni cha mwingine, anayelipwa kodi ya ardhi. Mwenye cheti akiuza shamba, wenye nyumba huamka wakiwa maskwota. Upande wa Nyali, ardhi kubwa ilikuwa shamba la mkonge kabla ya kugeuka mtaa wa majumba ya kifahari, na wakazi wa jirani walisogea pembeni. Kesi za kufukuzwa, za vyeti viwili juu ya kiwanja kimoja, za wakfu uliouzwa, zimejaza makabati ya mahakama ya Mombasa, na chanzo cha nyingi ukifuata nyuma utakifikia mwaka 1908.

Mahakama iliyokuwepo muda wote

Wakati mahakama ya serikali ikibadilisha majina na makao, mahakama ya kadhi haikuhama Mombasa. Ilipata watu wakubwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwenye magazeti ya Sahifa na Al-Islah, alikuwa Kadhi Mkuu tangu 1937 hadi alipofariki mwaka 1947. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyetoka Zanzibar baada ya Mapinduzi, alikishika kiti hicho kuanzia mwaka 1968. Tafsiri yake ya Kur'ani kwa Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata.

Mahakama hiyo ilibaki kwa makubaliano ya kisiasa pia. Uhuru ulipokaribia, watu wa Mwambao waligawanyika: wengine walitaka Pwani ijitenge au irudi kwa Sultani, na Sir James Robertson akatumwa mwaka 1961 kuchunguza. Alipendekeza ukanda uungane na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walikubaliana: Sultani aachilie ukanda, na Kenya ilinde uhuru wa dini na mahakama za kadhi. Mwaka 1967 mahakama za maliwali na mamudiri zilifutwa, lakini za kadhi zikapewa sheria yake, na Katiba ya 2010 ikazitaja katika ibara ya 170. Eneo lake ni dogo: ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa huko. Ndani ya eneo hilo, utafiti uliofanywa katika mahakama za kadhi za Pwani miaka ya 1980 ulionyesha kwamba wengi wa waliofungua kesi walikuwa wanawake, na kwamba mara nyingi walishinda.

Mikataba hiyo ya 1895 na 1963 ilirudi mahakamani kwa njia nyingine. Baraza la Republican la Mombasa, MRC, lililojenga hoja yake ya kujitenga juu ya karatasi hizo, lilipigwa marufuku mwaka 2010. Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba marufuku hiyo ilivunja Katiba. Mtu anaweza kuipinga siasa ya baraza hilo na bado akaona uzito wa siku hiyo: watu wa ng'ambo walivuka kuishtaki serikali, na serikali ikashindwa.

Gereza lavuka, mahakama yafuata

Mwaka 1958 Ngome ya Yesu iliacha kuwa gereza. Kwa msaada wa Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno ilikarabatiwa, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho chini ya mwanaakiolojia James Kirkman. Wafungwa hawakuwa na nafasi tena kisiwani. Gereza la Shimo la Tewa lilikuwa limekwisha jengwa Shanzu, karibu na hori la Mtwapa, na tangu hapo Kisauni ikawa mahali ambapo Mombasa huwaweka watu wake waliohukumiwa. Mahabusu alilala Kisauni, akasikilizwa kisiwani. Lori la magereza likawa miongoni mwa magari yanayojulikana zaidi kwenye Daraja la Nyali.

Hatimaye Mahakama ya Kale nayo ilimaliza kazi. Jengo jipya la mahakama lilijengwa jirani, na lile la 1902 likaingia katika ulinzi wa Makumbusho kama urithi wa taifa, likifuata njia ileile ya ngome iliyo mbele yake.

Kilichoivusha mahakama kwenda bara kilitoka baharini. Januari 2006 manowari ya Marekani iliwakamata Wasomali kumi waliokuwa wameteka jahazi katika Bahari ya Hindi, wakaletwa Mombasa, na Novemba mwaka huo wakahukumiwa miaka saba kila mmoja. Uharamia ulipozidi, Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya ya kuwapokea washukiwa. Shimo la Tewa ikajaa, na mahakama ya kisiwani ikaelemewa. Juni 2010, kwa msaada wa ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, palifunguliwa hapohapo Shimo la Tewa chumba cha mahakama chenye ulinzi mkali. Miezi mitano baadaye Jaji Mohamed Ibrahim wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mahakama za Kenya hazikuwa na mamlaka juu ya makosa yaliyotendwa mbali katika bahari kuu. Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo Oktoba 2012.

Leo Kisauni ina Mahakama ya Shanzu, na nchi nzima inaijua. Januari 2024 washukiwa wa Shakahola, msitu ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, walipelekwa Shanzu kujibu mashtaka ya ugaidi. Lakini tuseme ukweli kuhusu mpangilio huu. Mahakama haikuja Kisauni kwa sababu mjane wa Mlaleo alichoka kulipa nauli. Ilikuja ilipofuata maharamia na washukiwa wa ugaidi, kwa sababu ya usalama wa wanaoshtakiwa na wanaowalinda. Mwananchi wa kawaida alinufaika kwa kupita mlango uliofunguliwa kwa ajili ya wengine.

Kinachostahili kukumbukwa

Jengo la 1902 limetunzwa, na ni vizuri. Lakini kuta zake zionyeshe pia kazi iliyofanywa ndani yake. Wanafunzi wa Kisauni wanaoletwa kutembelea Ngome wanapaswa kukuta humo cheti cha ardhi cha zama za Msajili wa Hati, hati ya uhuru ya aliyekuwa mtumwa, kiapo kilivyotafsiriwa, na ramani ya mashamba ya ng'ambo kabla na baada ya 1908. Hayo ndiyo yatakayowaeleza kwa nini nyumba ya bibi imesimama juu ya kiwanja cha mwingine.

Katiba ya 2010 inaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na inazitaka mahakama zisicheleweshe haki. Kwa kesi za jinai, Kisauni imepiga hatua. Hakimu yuko Shanzu. Kwa ardhi, Mahakama ya Mazingira na Ardhi inayozisikiliza kesi kubwa iko kisiwani, hatua chache kutoka jengo la 1902. Gereza limevuka, kizimba kimevuka, na hakimu wa maharamia alivuka. Kesi kongwe kuliko zote za Kisauni ndiyo inayoendelea kupanda matatu na kupita Daraja la Nyali, na siku jaji wa ardhi atakapoketi Kongowea au Bamburi kuisikiliza, ndipo Kisauni itakapoweza kusema kwamba mahakama imefika kwao.